Nyumba ya Tangawizi: Ukavu Kwanza, Mapambo Baadaye

Nyumba ya tangawizi ni kijumba cha biskuti ya viungo kinachojengwa na kupambwa kwa ajili ya Krismasi. Kabla hujafikiria pipi wala theluji ya sukari, chukua kipande kimoja cha biskuti uliyooka, kishike kwa ncha za vidole viwili, ukigonge kwa ukucha. Kikilia kwa sauti kavu kama kigae, una ukuta. Kikitoa sauti bubu kama ya mkate, kirudishe kwenye oveni, maana hakuna aisingi, ile gundi ya ute wa yai na sukari, itakayobeba paa juu ya ukuta ulio teketeke. Nyumba nyingi za biskuti zinazoporomoka mkesha wa Krismasi huporomoka kwa sababu hiyo. Wajenzi huilaumu gundi, wakaongeza gundi, na uzito wa gundi ukamalizia kuuangusha ukuta.

Ni kazi ya siku nne. Ukitaka nyumba iwe mezani tarehe 24 Desemba, kanda unga tarehe 20, oka 21, simamisha 22, pamba 23. Anayejaribu kuimaliza kwa alasiri moja ataimaliza kweli, ila asubuhi ataikuta imekaa chini.

Asili yake ni Ujerumani. Mji wa Nürnberg ulibahatika kupata vitu viwili kwa pamoja: asali ya msitu wa kifalme uliouzunguka, ambako warina asali walikuwa na haki zao zinazotambuliwa kisheria, na viungo vilivyopitishwa na wafanyabiashara kutoka Venisi. Biskuti ya asali na viungo, ambayo wao huiita Lebkuchen, ikawa kazi ya mafundi wake maalumu, na mwaka 1643 waokaji hao wakapata chama chao wenyewe. Nyumba ilikuja baadaye. Ndugu wawili wa Grimm, wakusanyaji wa hadithi za Kijerumani, walipochapisha mwaka 1812 hadithi ya Hansel na Gretel, watoto waliotelekezwa msituni, nyumba ya mchawi waliyemkuta humo ilikuwa ya mkate, paa lake keki, madirisha yake sukari. Waokaji wa Ujerumani wakaijenga kwa biskuti yao, na desturi ikasafiri na Krismasi hadi Skandinavia na Marekani. Katika mji wa Bergen, Norwei, tangu 1991 watu hukusanya kila mwaka nyumba zao ndogo za tangawizi wakaunda mji mzima wa biskuti.

Sisi wa Pwani tunaingia kwenye habari hii kupitia karafuu, ingawa kwa kuchelewa. Zile zilizonukia katika majiko ya Nürnberg ya zamani zilitoka visiwa vya Maluku; ni katika karne ya 19, enzi za Sayyid Said na warithi wake, ndipo Unguja na Pemba zilipolishika soko la karafuu duniani.

Ila hali ya hewa yetu ndiyo inayobadilisha kazi yenyewe. Desemba ya Ujerumani au Sweden ni baridi nje na hita ndani, na hewa iliyopashwa na hita ni kavu mno. Nyumba ya tangawizi iliyowekwa sebuleni kule huzidi kukauka kila siku. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi huohuo, hewa imebeba maji, na biskuti yenye sukari huyanywa maji hayo usiku na mchana. Mapishi mazuri kabisa ya Kijerumani, yakifuatwa Mombasa bila kubadilishwa, hutoa paa linalopinda katikati siku ya pili. Nairobi, Arusha, Mbeya au Kigali kazi ni nyepesi zaidi, lakini msimu wa mvua ukichelewa kuisha, tahadhari ni zilezile.

Unga

Biskuti ya kula na biskuti ya kujengea si kitu kimoja. Ya kula unataka iwe na mapovu ndani, ilainike mdomoni. Ya kujengea unataka itoke kwenye oveni na umbo lilelile ililoingia nalo. Kwa hiyo usitie hamira wala beki poda. Mapishi mengi hutia baikaboneti ya soda, na ni kweli inaipa biskuti rangi nzuri ya kahawia, lakini pia hutengeneza gesi. Gesi husukuma kingo nje, na ukuta uliokatwa sentimita 10 unatoka na 10 na nusu upande mmoja na 10 na robo upande wa pili. Ukitaka rangi, tumia sukari nyeusi badala ya nyeupe.

Kwa nyumba moja ya mezani, pamoja na vipande vya akiba na miti, pima unga wa ngano gramu 900, sukari ya kahawia gramu 250, asali gramu 300, majarini gramu 200, maji mililita 80, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Viungo ni vijiko viwili vya chakula vya tangawizi ya unga, kimoja cha chakula cha mdalasini, kimoja cha chai cha karafuu iliyosagwa, kimoja cha chai cha iliki, na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Usizidishe karafuu hata kama unaipenda. Ikipita kijiko hicho, inaleta uchungu na kufisha ulimi, na tangawizi haisikiki tena.

Vipimo hivyo ni vya bara na vya nchi za baridi. Kwa Pwani, punguza asali hadi gramu 100, ongeza sukari ifike gramu 400 na maji mililita 130. Sababu ni kwamba asali ina sukari ya aina inayopenda maji kuliko sukari ya miwa. Huko Nürnberg tabia hiyo ni baraka, maana huzuia biskuti kukauka kupita kiasi kwa miezi. Kwetu ndiyo inayouangusha ukuta. Gramu 100 zinatosha kubakiza harufu na ladha ya asali, nami nisingeiondoa yote, kwa sababu bila asali kabisa biskuti hii inakuwa na ladha ya viungo tu, kama chai ya masala iliyogandishwa.

Majarini ya kupikia, ile ngumu, ni bora kuliko siagi kwa jengo. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi, joto la kawaida la jiko la Dar mchana, na unga wake unanyong'onyea ukiwa bado unausukuma. Anayetaka ladha ya siagi aitie kwenye biskuti za kula.

Weka asali, sukari, majarini na maji kwenye sufuria, moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko hadi sukari iyeyuke yote. Isichemke. Ikichemka maji yanapungua, na unga utakuja kupasuka kingo wakati wa kusukuma. Chovya kidole, usugue na dole gumba. Ukisikia chembe, bado. Epua, tia viungo na chumvi, acha ipoe hadi iwe vuguvugu, kisha tia unga uliochekechwa, gramu 850 kwanza, hizo 50 ukizibakiza mkononi. Unga ukiwa wa moto utaonekana laini na wa mafuta, na wengi hapo huogopa wakaongeza unga wa ngano hadi ukawa kama tofali. Subiri. Ukipoa unakaza wenyewe.

Kanda kwa muda mfupi tu, hadi mabaka meupe ya unga yaishe. Huu si unga wa chapati. Ukiukanda sana unavutika, na kinachovutika hujikunja kwenye oveni. Ufunge vizuri kwa nailoni, uache usiku kucha. Asubuhi utakuwa mgumu. Ukate vipande, ukande kila kimoja mkononi dakika moja au mbili hadi kilainike.

Ramani

Chukua boksi la karatasi ngumu, rula, penseli na mkasi. Kuta mbili za ubavuni, kila moja sentimita 16 kwa 10. Ukuta wa mbele na wa nyuma: chora mstatili wenye upana wa 12 na kimo cha 10, tafuta katikati ya mstari wa juu, panda sentimita 6, weka alama, unganisha alama hiyo na pembe mbili za juu. Umepata ukuta wenye ncha, kimo chake chote 16. Mteremko wa kila upande una sentimita 8 na nusu. Paa ni vipande viwili vya sentimita 20 kwa 11. Ile tofauti ya sentimita mbili na nusu ndiyo upenu. Mlango 4 kwa 6, madirisha 3 kwa 3, na kila tundu liwe mbali na ukingo kwa sentimita mbili na nusu au zaidi, maana ukanda mwembamba kuliko huo hukatika unapouinua.

Kisha ijenge hiyo nyumba ya karatasi kwa selotepu. Usiiruke hatua hii. Dakika kumi za selotepu zitakuonyesha kama paa linakutana juu, kama mlango uko upande unaoutaka, na hasa jambo moja linaloharibu nyumba nyingi za wanaoanza: kuta za ubavuni hukaa *katikati* ya ukuta wa mbele na wa nyuma, hazikai nje yake. Ukizipachika nje, nyumba iliyochorwa kwa upana wa sentimita 12 inakuwa na zaidi ya 13, vichwa vya kuta vinajitokeza nje ya mteremko, na paa linaegemea vichwa hivyo huku likielea juu ya ukuta wa mbele. Utajaza aisingi mahali pa hewa, na aisingi nene haikauki ndani.

Andika jina la kila kipande kwenye karatasi yake, na idadi: paa, mara mbili, ubavu, mara mbili.

Kusukuma, kukata, kuoka

Kuta zote ziwe na unene mmoja, milimita 6. Njia ya uhakika ni vijiti viwili vya mbao vyenye unene huo, kimoja kila upande wa unga, na mpini wa chapati ukitembea juu yake kama juu ya reli. Paa unaweza kulisukuma milimita 5 ili lipungue uzito. Chini ya milimita 4 biskuti hupinda. Juu ya 8 haiivi ndani bila kuungua kingo.

Sukumia juu ya karatasi ya kuokea, palepale itakapookwa. Weka ramani juu, kata kwa kisu chembamba kwa kukandamiza, si kwa kuburuta, kisha ondoa mabaki yanayokizunguka kipande. Kipande chenyewe usikiguse. Unga uliokatwa mezani ukainuliwa kuwekwa kwenye trei huvutika, na mstatili unakuwa msambamba. Hata ukiuonea huruma ukaunyoosha kwa vidole, oveni itaurudisha ulikokuwa. Kama una friji, telezesha karatasi na vipande vyake ndani ya friza dakika 15 kabla ya kuoka. Kingo zitabaki kali.

Oveni nyuzi 170. Kuta na paa dakika 18 hadi 20, miti na vitu vidogo 10 hadi 12, na usichanganye vikubwa na vidogo kwenye trei moja. Biskuti iko tayari kingo zikiiva rangi kuliko katikati na katikati ukiibonyeza haiachi alama ya kidole. Oveni ndogo za mezani hazisemi kweli kuhusu joto. Geuza trei nusu ya muda, na tazama rangi kuliko saa. Wanaooka kwa mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko, wataweza, mradi mkaa wa chini uwe mchache sana na kila kipande kiokwe peke yake. Upande wa chini ndio unaowahi kuungua.

Sasa lile ambalo mapishi mengi hulitaja kwa mstari mmoja, nami nataka ulipe uzito. Trei ikitoka, una dakika mbili. Biskuti ya moto bado ni laini kwa sababu sukari yake imeyeyuka. Ikipoa inakuwa jiwe. Laza ramani yako juu ya kipande, ukate upya kwa kisu kikubwa pale kilipotanuka, hasa upande wa chini wa ukuta, utakaosimama, na pande mbili zitakazokutana na ukuta mwingine. Kata wima, kisu kikiwa kimenyooka juu chini, kama anayekata mkate wa boflo bila kuegemea upande. Ukuta wenye nyayo iliyonyooka husimama hata bila gundi. Kama umejikunja, weka trei nyingine juu yake ungali moto, uuache chini ya uzito hadi upoe. Ukigundua umejikunja baada ya kupoa, urudishe kwenye oveni dakika tano, utalainika tena, kisha uulaze. Vinundu vidogo vya kingo visugue kwa kikwaruzo cha matundu madogo, kile cha tangawizi, baada ya kupoa kabisa.

Halafu ukaushe. Shusha oveni hadi nyuzi 100, panga vipande juu ya wavu bila kupandana, uviache dakika 45. Pwani saa nzima. Zima, fungua kidogo mlango wa oveni, vipoe humohumo. Hapo ndipo unapogonga kwa ukucha. Oka pia paa moja na ubavu mmoja wa akiba. Unga unatosha, na kipande kikivunjika tarehe 22 usiku hutahitaji kuanza upya.

Madirisha ya vioo hutengenezwa kwa pipi ngumu zilizopondwa. Dakika tano za mwisho za kuoka, jaza tundu la dirisha kwa pipi hizo hadi nusu ya unene, rudisha ziyeyuke, kisha usiguse hadi zipoe. Taa ndogo ya betri ikiwashwa ndani jioni, ni pazuri mno. Pwani, hata hivyo, kioo hicho hutoka jasho siku hiyohiyo na kuanza kutiririka ukutani, isipokuwa nyumba inakaa chumba chenye kiyoyozi. Bila kiyoyozi, acha tundu wazi na uchore nondo za dirisha kwa aisingi.

Aisingi ni saruji

Ute wa mayai mawili, sukari ya unga gramu 400 iliyochekechwa, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Bakuli na kichapio visiwe na hata tone la mafuta wala kiini, kwa sababu mafuta huvunja mapovu ya ute na aisingi haikazi tena hata uipige saa nzima. Kwa hiyo bakuli la plastiki lililozoea majarini liache. Tumia la kioo au bati, ulipanguse kwa ndimu. Piga ute kidogo, tia sukari kwa mafungu, piga dakika tano hadi saba. Inua kichapio: ncha inayobaki isimame bila kuinama, na kisu kikipita katikati ya aisingi, mfereji wake usizibe. Ikiinama, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja.

Ute huo ni mbichi. Kama nyumba italiwa na watoto wadogo, wajawazito au wagonjwa, tumia ute wa unga unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, ukiukoroga na maji kama paketi inavyoelekeza.

Sukari ya unga ikikosekana, saga nyeupe kwenye blenda pamoja na kijiko cha konflawa kwa kila gramu 200, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi. Isipochekechwa, chembe moja itaziba tundu la mfuko wa kukamulia aisingi, utakamua kwa nguvu, na mfuko utapasukia kwenye mshono wake. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi muda wote. Aisingi huganda juu ndani ya dakika chache.

Wapo wanaogundisha kwa sukari iliyoyeyushwa kavu kwenye kikaango, ya rangi ya kaharabu. Inashika kwa sekunde chache na Ulaya ni njia nzuri ya haraka. Nina mashaka nayo mara mbili. Inaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwani huganda juu ya ngozi ikiwa bado na joto, kwa hiyo mtoto asiwe karibu. Na kwenye hewa ya baharini hurudi kuwa nata siku ya pili, viungo vikalegea kimoja baada ya kingine.

Kusimamisha

Msingi uwe kitu kisichopinda: kipande cha plaiwudi au kibao cha kukatia, chenye nafasi ya kutosha kuizunguka nyumba kwa sentimita tano. Trei nyembamba ya bati hupinda ukiinyanyua, na nyufa huanzia kwenye pembe.

Pamba kuta kabla ya kuzisimamisha. Fremu za madirisha, bawaba za mlango, mawe ya ukutani, yote ni rahisi mara kumi kuyachora kitu kikiwa kimelala. Acha yakauke saa mbili. Kisha chora kwenye msingi mistari ya mahali pa kuta, kamua utepe wa aisingi wenye unene wa penseli, simamisha ukuta wa nyuma na ubavu mmoja kwa pamoja, vikiegemeana kwenye pembe. Viwili husimama, kimoja huanguka. Kopo la nyanya au la maharage ndani, jingine nje, vishikilie. Ongeza ubavu wa pili, kisha ukuta wa mbele. Kamua aisingi ndani ya pembe zote, juu hadi chini, na uipitishe kidole kama fundi anavyopiga lipu kwenye kona. Kwa ndani hakuna atakayeiona, hivyo usiibanie.

Tazama kutoka juu. Pembe zote nne ziwe za mraba. Pima mshazari kwa uzi, pembe hadi pembe, pande zote mbili. Nyuzi zikilingana, paa litakaa. Tofauti ya milimita tano hapa huonekana kama pengo kule juu.

Sasa ondoka. Subiri kwa muda wa saa nne katika hewa kavu, usiku mzima Pwani, feni ikiwa imeelekezwa huko kwa mbali. Paa linaloteleza huteleza kwa sababu ya haraka tu: vipande viwili vinavyosukuma kuta nje, na kuta ambazo viungo vyake bado ni uji. Makopo ya nje yasiondolewe.

Siku inayofuata, kamua aisingi kwenye miteremko yote na juu ya kuta za ubavuni, laza paa la kwanza, mtu mwingine alishike, ulaze la pili. Kingo za juu za mapaa zitakutana kwenye ncha kwa upande wao wa ndani tu na kuacha mfereji mgongoni mwa paa; ujaze. Chini ya kila upenu panga vikombe au vitabu vya kimo sawa, vilibebe paa lisishuke. Dakika tano za kwanza lishikeni kwa mikono, kwa upole. Halafu saa nne nyingine.

Mapambo na sisimizi

Anza kwenye upenu, panda kuelekea mgongoni, ili kila safu iegemee ile ya chini yake na kuifunika kidogo, kama vigae vya kweli. Korosho zilizopasuliwa katikati hufanya vigae vizuri kuliko pipi: ni nyepesi, haziyeyuki, na rangi yake inapendeza juu ya kahawia. Lozi zilizokatwa pia. Chokoleti iache kwenye miji ya joto. Ubuyu wa rangi ni mzuri kwa macho, lakini una unyevu na utaacha mabaka mekundu kwenye aisingi kabla ya jua kuzama. Theluji ni nazi kavu iliyokunwa, inyunyizwe juu ya aisingi iliyolegezwa kwa matone machache ya maji. Barafu inayoning'inia upenuni hutengenezwa kwa kukamua tone, kushusha mfuko, na kuacha kukamua huku ukivuta. Aisingi ikiwa laini mno itadondoka, ikiwa ngumu itakatika fupi.

Usiufunike ukuta wote. Rangi ya biskuti yenyewe, yenye vidoa vya viungo, ndiyo inayopendeza kuitazama.

Nyumba iliyokamilika isikae jikoni, kwenye mvuke wa masufuria, wala dirishani. Kwenye miji yenye unyevu, usiku ifunike kwa boksi kubwa la plastiki pamoja na vipaketi vile vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mchana uifunue kwenye chumba chenye feni au kiyoyozi. Sisimizi watakuja, harufu hii wanaisikia kutoka mbali. Simamisha kibao juu ya vikombe vinne, kila kikombe ndani ya kisahani chenye maji na tone la sabuni. Paa likianza kuzama katikati siku ya tatu, kijiti kirefu kisimame ndani ya nyumba, chini ya mgongo, kikipitishwa kwenye tundu la mlango, hakuna atakayejua.

Sweden nyumba hizi huvunjwa tarehe 13 Januari, sikukuu ya Knut, watoto wakipewa ruhusa ya kuzipiga nyumba hizo wakati mti wa Krismasi unaondolewa. Pwani usingoje hivyo. Iliyokaa wazi wiki moja imeshakusanya vumbi la kutosha. Ivunje kwa mpini wa chapati, kuanzia mgongoni. Vipande vilivyolainika virudishe kwenye oveni nyuzi 100 kwa dakika 15, bila pipi. Vilivyo vigumu vichovye kwenye chai ya maziwa ya moto, uhesabu hadi kumi kabla ya kuvitoa; ukuta wa milimita 6 unahitaji zote kumi.